Baridi ya Kukopa

Mwisho wa Septemba 2021 nilikuwa mama wa watoto wawili kule Ohio, Marekani. Nilikuwa na mume mpole, mbwa mzee, na jikoni kwangu kulikuwa na dirisha linalotazama theluji. Kila Krismasi, kabla wageni hawajafika, nilitengeneza kinywaji cha krimu na minti chenye pombe kidogo, nikakimimina kwenye glasi ambazo ukingo wake nimeupaka pipi za mistari myekundu zilizopondwa. Mapishi hayo niliyarithi kwa shangazi. Watoto wangu walipata ya kwao isiyo na pombe. Na mwisho wa makala niliandika sentensi moja ambayo niliionea fahari sana: kwamba kwangu mimi, harufu ya minti ndiyo harufu ya nyumbani.

Ukweli ni kwamba nilikuwa kijana wa miaka 24, nimekaa kwenye bedsita Tassia, mwendo mfupi tu kutoka Fedha ambako wazazi wangu wanaishi. Joto lilikuwa limeanza kupanda. Jirani wa juu alikuwa anafua, maji yakidondokea nguo zangu kwenye waya. Kila baada ya muda ndege ilipita chini chini ikielekea JKIA, na kioo cha dirisha kikatetemeka. Sikuwa na friji. Krimu nilikuwa nimeiona kwenye supamaketi, sikuwahi kuinunua. Kinywaji chenyewe nilikuwa sijawahi kukionja maishani.

Kazi ilikuwa maneno 800, senti moja ya dola kwa kila neno. Dola 8, ambazo wakati ule zilikuwa kama shilingi 880. Makala za Krismasi huagizwa Septemba ili ziwe tayari watu wakianza kuzitafuta, kwa hivyo sisi tunaoandikia wazungu husherehekea mapema kuliko mtu yeyote duniani. Maagizo ya mteja yalikuwa mafupi: tumia nafsi ya kwanza, uwe Mmarekani, weka joto la familia. Nikaweka. Pesa ikaingia Ijumaa kwa M-Pesa, nikalipa deni la mama wa chapati, nikanunua tokeni za stima, nikalala usingizi mzuri.

Swali lilikuja baadaye sana, na bado halijaondoka. Je, nilidanganya? Na kama nilidanganya, nilimdanganya nani, na nilimwibia nini?

*

Watu wangu wana jibu la haraka. Buda, hiyo ni kazi. Rafiki yangu mmoja, ambaye ameandika insha za uuguzi za watu watatu wa Uingereza bila kuwahi kuingia wodini isipokuwa kama mgonjwa, aliniambia swali langu ni la mtu aliyeshiba. Nani anaumia? Msomaji anapata mapishi, mwenye tovuti anapata matangazo, wewe unapata kodi ya nyumba. Hata yule shangazi wa Ohio, kwa kuwa hayupo, hawezi kulalamika.

Kuna utetezi mwingine wenye heshima zaidi, nao ni wa waandishi. Mwandishi wa riwaya akiandika kwamba alimuua mumewe, hakuna anayepigia polisi simu. Nafsi ya kwanza ni vazi. Leo unalivaa, kesho unalivua. Utetezi huu niliushikilia muda mrefu, lakini una shimo katikati. Anayefungua riwaya anajua amefungua riwaya. Kuna mapatano: wewe nidanganye vizuri, mimi nitakubali kudanganyika, na tukimaliza kila mtu aende kwake. Yule aliyefungua makala yangu Desemba ile, amesimama jikoni kwake na krimu mkononi, hakuingia mapatano yoyote. Alidhani anaongea na mtu aliyewahi kukishika hicho kinywaji.

Aliyenisaidia kulielewa hili ni Mwafrika mwenzetu wa kale. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Alikuwa kijana wa mji mdogo mwenye kipaji cha maneno, akavuka bahari hadi Italia, na mwaka 384 akapata kazi nono Milano ya kufundisha ufasaha. Katika kitabu chake cha Maungamo anajiita muuza maneno, na hajisifu. Anasimulia siku moja alipokuwa anajiandaa kumsifu Kaizari kwa hotuba. Anakiri kwamba hotuba ilikuwa imejaa uongo, na kwamba waliojua ni uongo ndio wangempigia makofi. Akiwa njiani, roho juu juu, akamwona ombaomba mlevi anacheka barabarani. Akawaza: huyu amepata furaha yake kwa sarafu chache alizoomba, huku akiwatakia wapita njia heri. Mimi naitafuta yangu kwa kudanganya.

Baadaye aliiacha kazi ile, na karibu mwaka 395 akaandika kitabu kizima kuhusu uongo. Hoja yake ni rahisi na haina huruma. Uongo haupimwi kwa maneno peke yake. Unaweza kusema jambo lisilo kweli huku unaliamini, na hapo hujadanganya, umekosea tu. Mwongo ni mtu mwenye mioyo miwili: anajua hili, anasema lile, na anataka wewe uamini lile. Kwa kipimo hicho sina pa kujificha. Nilijua niko Tassia. Nilisema niko Ohio. Nilitaka uamini Ohio. Kwa kweli nililipwa ili uamini Ohio.

Lakini wacha niweke na upande wa pili wa hesabu, kwa sababu Augustino alikuwa na mshahara wa serikali na mimi nilikuwa na deni la chapati. Ningeweza kuandika hivi: mimi ni kijana wa Nairobi, kinywaji hiki sijakionja, lakini nimesoma mapishi kumi na mawili na haya ndiyo yanayokubaliana. Hiyo ingekuwa makala ya haki, na pengine yenye manufaa zaidi. Hakuna aliyeitaka. Mteja hakuwa ananunua ujuzi wangu wa krimu. Alikuwa ananunua kutokuwepo kwangu. Bei ya senti moja ilikuwa ya mtu ambaye haonekani, na ningeonekana tu, hata hiyo senti ningeikosa.

Kwa hivyo uongo ule ulikuwa na wenye hisa wengi. Hilo linapunguza fungu langu. Halilifuti.

*

Turudi kwa kinywaji, maana ndicho kilichonifundisha zaidi.

Shule ya msingi tulisoma kwamba peremende ni pipi. Pipi yoyote ile, hata ya machungwa. Kumbe neno lenyewe limetoka kwa jina la Kiingereza la ile minti kali. Lilipofika kwetu likapoteza minti, likabaki na sukari. Nalipenda neno hili kwa sababu lilifanya kile ambacho Krismasi nzima hufanya ikifika Nairobi. Tunapokea sherehe ya watu wenye giza na theluji, tunatoa giza na theluji, tunabaki na utamu. Supamaketi zinatandaza pamba juu ya miti ya plastiki. Watoto wanaimba kuhusu barafu huku wamevaa kaptura. Baridi yetu ya kweli ni ya Julai, ile ya kulala na soksi na sweta, na hakuna anayeitungia nyimbo.

Sasa, minti. Kwenye ulimi kuna neva zenye vipokezi vya baridi. Mwaka 2002 maabara mbili za Marekani, moja ya David Julius na nyingine ya Ardem Patapoutian, kila moja kivyake, zilitambua kipokezi kinachoamshwa na baridi na ambacho huamshwa pia na mentholi, ile kemikali ya minti kali. Wawili hao walipewa Nobeli ya tiba kwa kazi yao juu ya vipokezi vya joto na mguso. Ilitangazwa mwanzoni mwa Oktoba 2021, siku chache baada ya mimi kutuma makala yangu.

Maana yake ni kwamba minti haihitaji kupoza mdomo. Kipimajoto ukikiweka ulimini kitasoma joto lile lile. Kilichotokea ni kwamba neva imepigia ubongo simu ikasema baridi imefika, na ubongo umeamini, kwa sababu neva hiyo ndiyo huleta habari za baridi. Kinywaji cha majira ya baridi kina baridi ya kukopa.

Nilipojua hivi nilifurahi kama mshtakiwa aliyepata wakili. Kumbe hata minti yenyewe ni mwongo! Kumbe kinywaji na makala yake ni damu moja! Lakini kesi ilianguka haraka. Minti haisemi kitu. Ni jani, haina moyo mmoja, sembuse miwili. Uongo unaanza pale mtu anapoichukua hiyo harufu na kuitumia kusema neno.

Na hilo sikuhitaji kulisoma kwa Augustino. Nililijua tangu darasa la tatu.

Baba yangu alikuwa anakunywa. Si ule ulevi wa kulala mtaroni. Ulikuwa ulevi wa mtu wa kazi, wa kila siku, wenye ratiba. Alishuka kwenye steji ya Fedha saa tatu usiku, na kabla ya kubisha mlango alitia mdomoni peremende nyeupe ya minti. Tulimsikia kwenye ngazi akiitafuna haraka haraka. Akiingia, nyumba nzima inanuka minti. Anamwambia mama kulikuwa na jam. Mama anasema, pole, jam ya siku hizi. Anapakua chakula. Sisi tunaendelea na homuwaki.

Wote tulijua, na aliyetuambia ni minti. Siku ambazo hakunywa, hakunuka kitu.

Mimi nami nilikuja kuwa na minti yangu. Januari 2020, nikiwa mwaka wa tatu, niliacha chuo. Karo ilikuwa imelala mihula miwili, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelala, sijaenda darasani tangu Oktoba. Sikuwaambia wazazi. Machi vyuo vyote nchini vikafungwa kwa sababu ya Covid, na uongo wangu ukapewa likizo ya serikali. Walipofungua nikasema masomo ni ya mtandaoni. Mama alipouliza kuhusu gradu, nikamwambia jina langu lilikuwa kwenye orodha, lakini sikuona haja ya kulipia joho. Akasema, sawa. Alilisema kwa sauti ile ile ya jam ya siku hizi.

*

Mkesha wa Krismasi ya 2023 niliamua kukitengeneza kile kinywaji. Nilitaka angalau jambo moja nililoandika liwe kweli, hata kama ni kwa kuchelewa. Niliifungua makala yangu kwenye simu. Juu yake kulikuwa na jina la mwanamke na picha ya mwanamke anayetabasamu. Sina ubaya naye. Pengine naye picha yake iliuzwa kwa senti.

Kwenye waines ya stejini niliuliza pombe ya minti. Muuzaji akanitazama, akasema, "Boss, hapa tuna vitu vya watu." Nikachukua kwota ya vodka. Kwa mama mboga nilinunua minti ya shilingi ishirini, akaniongezea shada la bure, ati la Krismasi. Krimu niliipata supamaketi. Kakao ilikuwa kwenye mkebe wa mama pale nyumbani Fedha, mtaa wenye jina ambalo baba hulitania kila mwisho wa mwezi.

Wacha nikupe mapishi, safari hii kutoka kwa mtu aliyeyafanya. Kikombe kimoja cha sukari na kimoja cha maji, chemsha hadi sukari iyeyuke yote. Epua. Hapo ndipo utie majani ya minti na ufunike nusu saa, kwa sababu ukiyachemsha yatakuwa machungu. Chuja, acha sharubati ipoe. Kwa glasi moja chukua vijiko vitatu vikubwa vya vodka, viwili vya sharubati, vitatu vya krimu, na kakao ya ncha ya kijiko. Tia barafu kwenye chupa yenye kifuniko kizuri na utikise hadi kiganja kiume kwa baridi. Paka ukingo wa glasi asali, uuchovye kwenye peremende zilizopondwa. Usiweke ndimu wala maji ya machungwa, krimu itaganda mabongemabonge.

Mpaka hapo makala yangu ilikuwa inajikaza. Halafu tukafika aya ya sita. Sistangu akaisoma kwa sauti: acha glasi zako nje kibarazani dakika kumi, baridi ya Desemba itafanya kazi iliyobaki.

Tukaangalia veranda. Ilikuwa saa nane mchana. Jua lilikuwa limesimama juu ya Embakasi kama askari wa trafiki. Tukazitoa glasi nje, kwa utiifu, tukaziweka katikati ya nguo na vumbi. Baada ya dakika kumi zilikuwa moto kama za chai. Sistangu alicheka hadi akakaa sakafuni.

"Nani aliandika huu upuzi?"

"Ni mimi."

Alicheka tena. Halafu akaacha.

Tulitafuta glasi nyingine, tukazipoza kwenye friza, tukamimina. Kilikuwa kitamu. Kilinukia minti. Lakini mdomo ulibaki Nairobi. Hakukuwa na ile baridi niliyoiandikia maneno 800. Baadaye nilijua sababu: mnanaa wa kawaida kama ule una mentholi kidogo sana. Ile minti kali ya peremende ni mmea mwingine, mtoto wa mnanaa wa kawaida na mnanaa wa majini, na ndiyo iliyobeba mentholi kwa wingi. Nilikuwa na harufu ya baridi bila baridi yenyewe, hata ya kukopa.

Baba alikuwa sebuleni anatazama habari. Alikuwa na miaka mitatu bila tone. Yake nilikuwa nimeitengeneza bila vodka, kwenye glasi tofauti kabisa, na mama aliisimamia kazi hiyo kama mtihani wa kitaifa. Akaonja.

"Hii haina nguvu."

Mama akakauka mlangoni.

"Siongelei pombe," baba akasema. Akatia mkono mfukoni mwa shati, akatoa peremende tatu nyeupe, kila moja na karatasi yake. Bado anazibeba. Mdomo ulizoea, alisema. Alizifungua moja moja, akaenda jikoni mwenyewe, akazitumbukiza kwenye sharubati iliyokuwa imebaki sufuriani, akaipasha moto na kukoroga hadi zikayeyuka.

Mzunguko wa pili baridi ilikuja. Ilianzia ncha ya ulimi ikapanda hadi puani. Na nyumba nzima ikanuka minti, saa kumi jioni, mkesha wa Krismasi, televisheni ikiwa inaongea peke yake.

Baba ndiye aliyeanza. "Mlikuwa mnajua, sivyo?"

"Tulikuwa tunajua," mama akasema.

"Mbona hamkusema?"

"Na wewe mbona hukuuliza kama tunajua?"

Alilipokea hilo kichwa chini. Kisha akanigeukia. "Na wewe. Lile joho ulikataa kulilipia kwa nini hasa?"

Niliwaambia. Haikuchukua muda mrefu, ni kama muda wa kumaliza glasi. Hakuna aliyelia. Mama alisema alijua tangu Covid, kwa sababu niliacha ghafla kulalamika kuhusu wahadhiri.

*

Basi uongo usiomdanganya mtu ni uongo?

Kwa Augustino ndiyo, kwa sababu anapima nia ya msemaji, si mafanikio yake. Mimi nimekuja kukubaliana naye kwa njia nyingine. Uongo wa baba haukutuibia ukweli. Ukweli tulikuwa nao, ulikuwa unanuka sebule nzima. Ulituibia baba. Miaka kumi na kitu tulikaa naye meza moja, kila mtu akiwa na kazi ya kulinda jambo ambalo lingeweza kusemwa kwa dakika tano. Kujifanya hujui ni kazi ngumu. Ukiwa mtoto, inakula hata nguvu za homuwaki.

Utaniambia kwamba kwetu kuna kitu kinaitwa stara. Mtu mzima husitiriwa. Mke anayemvua mumewe nguo mbele ya watoto kwa sababu ya ukweli, huyo naye amefanya nini? Nakubali. Kimya cha mama hakikuwa uongo, kilikuwa stara, na tofauti naiona hivi: stara inafunika aibu ya mwenzako, uongo unafunika ya kwako. Mama alikuwa anamfunika baba. Baba alikuwa anajifunika. Lakini hata stara ni shuka ya mgonjwa. Akipona inatolewa, inafuliwa, inaanikwa. Ikiachwa juu ya mtu miaka kumi, inafanana sana na sanda.

Sasa nikimrudia yule msomaji wangu wa Ohio, naona nilichomwibia. Vipimo vya kinywaji anaweza kuvipata nyuma ya chupa. Mtu anayesoma makala ya maneno 800 usiku wa tarehe 24 Desemba, yenye shangazi na mbwa mzee ndani yake, pengine anataka kuwa na mtu jikoni. Nilimfanya aamini kuna mtu. Hakukuwa na mtu. Na upande wa pili wa dunia kulikuwa na mtu kweli, ana njaa kidogo na mengi ya kusema kuhusu harufu ya minti, ambaye alilipwa asiwepo. Tulikuwa wawili, kila mmoja peke yake, na katikati yetu mwanamke anayetabasamu kwenye picha.

Jambo linaloniuma na kunichekesha kwa pamoja ni ile sentensi ya mwisho. Niliibuni nikidhani ndiyo ya uongo kuliko zote. Harufu ya minti ndiyo harufu ya nyumbani. Katika makala nzima, ni hiyo peke yake niliyokuwa na haki ya kuiandika, na niliiweka kinywani mwa mtu mwingine.

Tangu Januari 2024 nina sheria moja. Mikono nauza, mimi siuzi. Nitakuandikia jinsi ya kuosha friji, jinsi ya kulea mbwa, hata historia ya krimu. Lakini sitaandika nilikuwa, niliona, nilipenda, kwa niaba ya mtu asiyekuwa, asiyeona, asiyependa. Kiswahili kinanisaidia hapa. Kiingereza kina herufi moja inayosimama peke yake, unaweza kuing'oa na kumpa yeyote. Sisi "ni" yetu imeshonwa ndani ya kitendo. Ukiiuza unauza na kitendo.

Usinione mtakatifu. Sheria hii ilinipotezea wateja wawili, na mwezi wa Machi nililala njaa ambayo Augustino hakuwa nayo. Tena, kazi zile za mama wa watoto wawili siku hizi anaandika mashine, bila deni wala bedsita, na senti moja inaonekana ni nyingi. Kwa hivyo sijui kama niliuacha uongo au uongo ndio ulioniacha. Pengine yote mawili. Watu wengi huacha dhambi siku ambayo duka limefungwa.

Krismasi iliyofuata mama ndiye aliyeniuliza kama nitatengeneza tena. Nilipita stejini, nikanunua peremende nyeupe pakiti nzima, maana za mfukoni mwa baba hazingetosha. Glasi tuliziweka kwenye friza tangu asubuhi. Ya baba haina vodka, na anaiita ile ya Ohio. Akimaliza hukaa kidogo mdomo wazi, akivuta hewa ndani ili baridi ipande, halafu anasema kulikuwa na jam, na sisi wote tunamjibu kwa pamoja.